Msafiri Muislamu unayekuja Dodoma, Kondoa na Singida: usisahau kuuliza kisu

#1 Mleta uzi

Assalaam alaykum ndugu zangu Waislamu, na salamu kwa wanajamvi wote.

Nipo Dodoma tangu 2017. Nilikuja na lile wimbi la watumishi tuliohama Dar serikali ilipoamua kuhamia huku kweli kweli. Miaka ya mwanzo wageni walikuwa wachache, maana basi la mwendo wa saa nane au tisa si mchezo kwa mtu mwenye watoto. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, kwangu hapakauki mgeni. Ndugu anapiga simu asubuhi yupo Dar, baada ya adhuhuri nampokea stesheni. Na karibu kila mmoja anauliza swali lile lile kabla hajakata tiketi: "Huko kwenu tutakula wapi?" Shemeji yangu wa Unguja alikuja na samaki wa kukaanga na mikate ya kutosha siku tatu, akala vile vile mpaka vikaisha, mji mzima wenye chakula ukampita.

Nimeona niandike hapa kila ninachowaambia kwa simu, ili na wengine wanufaike, na wenyeji mnisahihishe.

Kwanza, wageni wengi wanaulizia kitu ambacho si tatizo kubwa. Wanauliza "nyama ya huko ni halali?" wakiwa na maana ya ng'ombe na mbuzi. Nchi yetu ina desturi ya siku nyingi kwamba mnyama anayechinjwa machinjioni kwa ajili ya kuuziwa watu wote anachinjwa na Muislamu. Mwenye bucha anaweza kuwa Mkristo, mteja anaweza kuwa hana dini, lakini aliyeshika kisu pale machinjioni ni mtu wetu. Kwa nyama ya bucha ya mjini Dodoma, yenye muhuri wa mkaguzi, mimi nanunua bila wasiwasi na familia yangu inakula.

Tatizo lenyewe linaanza na kuku. Kuku hapiti machinjioni. Ananunuliwa mzima asubuhi sokoni, anafungwa miguu, anawekwa nyuma ya jiko, na oda ikija anachinjwa na yeyote aliye karibu: mpishi, muosha vyombo, kijana wa kuleta maji. Si kwamba kuna mtu ana nia mbaya. Ni kwamba hakuna aliyepangiwa. Kwa hiyo mgeni wangu akiniambia "mimi sitaki nyama, nitakula kuku tu kwa usalama", namwambia hapo ndipo amekwenda kinyume. Ukiwa na shaka na mahali, bora ng'ombe wa bucha kuliko kuku wa nyuma ya jiko.

Pili ni jiko lenyewe, na hili nililijua kwa uchungu.

Mwaka juzi mama na shangazi walikuja kutoka Tanga. Jioni moja nikawapeleka sehemu ya choma, barabarani, pana nafasi nzuri na upepo. Niliuliza kama ninavyouliza siku zote: mbuzi katoka wapi, kachinjwa na nani? Mchomaji akanijibu vizuri, bila kubabaika, na nina hakika hakunidanganya. Tukakaa. Nyama ikaja kwenye sinia, chumvi pembeni, pilipili ya kuchacha, ndimu zimekatwa. Mama alikuwa ananieleza habari za nyumbani. Shangazi alikuwa amekaa anaangalia jikoni.

Gogo la kukatia lilikuwa moja. Katikati limeliwa na panga mpaka limekuwa kama bakuli, na ndani ya lile bakuli mafuta yametuama. Yule kijana akatoa kwenye wavu pande jeupe lenye ngozi nene, akalikatakata, akalimwagia kwenye sahani yenye ndizi. Akafuta kisu kwa kitambaa kilichokuwa begani. Kisha akavuta mbavu za mbuzi kwenye gogo lile lile.

Shangazi alikuwa na kipande mkononi. Akakirudisha kwenye sinia taratibu, hakusema neno, akaomba maji ya kunawa. Alinawa mara tatu, akasukutua, akaomba maji mengine. Mimi ndiye niliyewaleta. Tulipofika kwenye gari akaniambia, "Mwanangu, uliuliza mbuzi. Hukuuliza kisu."

Tangu siku hiyo nauliza hivi, na naomba na wewe uuchukue mtindo huu: "Samahani kaka, hapa mnachoma na kitimoto?" Basi. Usianze na hotuba ya halali na haramu. Wanaouza kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, hawafichi, wanaandika ubaoni kwa herufi kubwa kwa sababu ndiyo inayowaletea wateja, na ukiuliza watakujibu moja kwa moja. Wengine wana jiko mbili kabisa, wavu mbali, gogo mbali, kisu mbali, na mtu wa upande huu hagusi wa upande ule. Hapo ni juu yako. Wengine jiko ni moja, basi sema asante, uondoke kwa heri. Na swali hilo hilo lihamishie kwenye kaango la chipsi: mafuta haya mmekaangia nini kingine?

Kuhusu Msalato. Kila mgeni amesikia mnada wa Jumamosi na nyama ya mbuzi. Ni nje kidogo ya mji, barabara ya kwenda Kondoa na Arusha. Nendeni. Mbuzi ananunuliwa pale, unachagua paja au mbavu, inapimwa, inaingia motoni unaiona. Mimi huwa nazunguka mabanda yote kwanza bila kuagiza, naangalia gogo, naangalia nani anachinja, ndipo nakaa. Fika kabla ya adhuhuri. Alasiri kunakuwa na vumbi, watu wengi na pombe nyingi, na kina mama na watoto hawafurahii.

Na ukiwa hutaki kuuliza mtu chochote, kula chakula cha Wagogo chenyewe. Ugali wa uwele au wa mtama na mlenda wenye karanga. Hakuna nyama, hakuna kisu. Mama yangu, mtu wa pwani aliyezoea nazi kwenye kila sufuria, siku ya kwanza aliuonja kwa heshima tu. Siku ya tatu aliomba afundishwe kuupika, akaondoka na mlenda mkavu kwenye mfuko.

Msikiti wa Gaddafi ukiwa mjini huwezi kuukosa, kila bodaboda anaujua. Ulifunguliwa 2010, ni miongoni mwa misikiti mikubwa kabisa nchini. Ukimaliza swala hapo, au kwenye msikiti wowote wa mtaa, muulize mtu uliyesali naye ubavuni anapokula mchana. Nimepata hoteli nzuri kwa njia hiyo kuliko kwa mtandao wowote.

Karibuni tuongezee.

#2

Wa alaykum salaam. Mkuu ubarikiwe. Mimi nakuja Ramadhani hii na mke na watoto wawili, mkubwa ndiyo anaanza kufunga. Nina ratiba ya Dar ya futari na daku kwenye simu, itanifaa huko au nitafute nyingine?

#3 Mleta uzi

Tafuta nyingine, ndugu yangu, na hili ulichukulie kwa uzito. Dar na Dodoma ziko karibu mstari mmoja wa latitudo, lakini Dodoma iko magharibi zaidi kwa nyuzi tatu na nusu hivi za longitudo. Jua linatumia dakika 4 kuvuka kila nyuzi moja. Kwa hiyo magharibi yetu inaingia kama dakika 14 baada ya ya Dar. Mtu akifungua Dodoma kwa ratiba ya Dar, au kwa adhana ya redio inayotoka Dar, amekula jua lipo juu. Zanzibar ni vile vile, iko longitudo moja na Dar.

Ukienda Singida inakaribia dakika 18, Tabora 26. Daku haina hatari kwa upande huo, kwa sababu ratiba ya Dar itakuzuia mapema kuliko inavyotakiwa. Futari ndiyo ya kuiangalia. Chukua ratiba ya msikiti wa hapa hapa, zinabandikwa mlangoni. Na huyo kijana anayeanza kufunga mwambieni mapema kwamba Dodoma ni kukavu, midomo inapasuka, anywe maji ya kutosha daku.

#4

Mimi ni mama lishe, Mkristo, nina kibanda hapa Dodoma mwaka wa kumi na moja sasa. Nimesoma uzi wote. Nataka kusema upande wetu.

Wateja wangu zaidi ya nusu ni Waislamu. Kuku nauza Jumatano na Jumapili tu, kwa sababu siku hizo mzee wa jirani, mtu wa msikitini, yupo nyumbani na ndiye anayenichinjia. Akisafiri siuzi kuku, napika maharage, samaki na mlenda. Kitimoto haijawahi kuingia kwenye sufuria zangu, nikitaka kula nakwenda kula huko huko inakouzwa. Hakuna karatasi ukutani inayosema hivi. Ukiniuliza nakuambia, na sikasiriki hata kidogo. Ninachoumia nacho ni mtu anaagiza, anakula nusu sahani, ndiyo anauliza nani kachinja, halafu anaacha chakula na halipi. Ulizeni mkifika mlangoni, wapendwa.

#5 Mleta uzi

Dada yangu, asante sana. Hii posti yako wageni waisome kabla ya yangu. Na hilo la kutolipa ni dhulma, halina utetezi. Ukila bila kuuliza, lipa kwanza ndiyo uulize.

#6

Naona mnajitesa, mleta uzi. Sura ya Al-Maida aya ya 5 inasema chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwetu. Na kuna hadithi ya Bi Aisha katika Bukhari, watu walimwambia Mtume (s.a.w.) wanaletewa nyama na hawajui kama imetajiwa jina la Allah, akawaambia watajieni nyinyi na mle. Dini ni nyepesi. Msafiri anapewa wepesi, mnamtwisha uzito wa gogo na kisu!

#7 Mleta uzi

Ndugu yangu, uliyoyataja yote ni ya kweli na nayaamini. Hadithi ile ndiyo inayonipa utulivu kwenye bucha; sijawahi kumfuata mchinjaji nyumbani kwake kumuuliza kama alisema Bismillah. Lakini ile inazungumzia nyama iliyoletwa na mtu hajui. Shangazi yangu alikuwa anajua. Aliona kwa macho nguruwe anakatwa na kisu kinahamia kwenye chakula chake, na nguruwe ametajwa kwa jina katika sura hiyo hiyo, aya ya 3. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Kuhusu kuku aliyechinjwa na Mkristo, masheikh wetu wana maelezo yao na kila mtu afuate anayemuamini. Mimi sikuandika uzi kutoa fatwa. Nimeandika ili mtu ambaye ameshachagua msimamo wake asishindwe kuutimiza kwa sababu ya kutojua jiko linavyofanya kazi. Mama yangu ana miaka sabini na kitu. Hajaomba jambo gumu.

#8

Natokea Kondoa, naomba niongezee kwetu. Wageni wengi wanaishia Dodoma mjini wanadhani huko mbele ni pori. Kondoa ni mji wa Waislamu tangu enzi za misafara. Sisi Warangi wengi ni Waislamu, na ukiingia hoteli ya chakula pale mjini swali la kitimoto lenyewe litamshangaza muhudumu. Barabara ni lami yote siku hizi, kama kilomita 160 kutoka Dodoma, unakwenda na kurudi siku moja ukitaka.

Njooni muone michoro ya mapangoni Kolo. Iliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Ni miamba imechorwa watu warefu wembamba na wanyama, rangi nyekundu ya udongo, ya watu walioishi hapa kabla ya babu zetu sisi wote. Kuna kupanda mlima, vaa viatu vya kufunga. Huko juu hakuna chakula, kwa hiyo kuleni Kondoa mjini au mbebe. Na mkirudi nunueni asali.

#9 Mleta uzi

Sahihi kabisa. Mimi Kondoa ndiko ninakowapeleka wageni wanaotaka kula bila kuuliza. Asubuhi ile niliyofika na mama tulikula chapati na maharage na chai ya tangawizi, na mwenye hoteli akatupa birika la maji ya udhu kabla hatujaomba. Mama bado anaitaja hiyo birika.

Kwa anayependa historia: misafara ya pwani kwenda Tabora ilipita Ugogo, Mpwapwa mpaka Kilimatinde, na watemi wa Kigogo walikuwa wakitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila msafara kwa sababu maji yalikuwa yao. Uislamu wa huku ndani ulipita njia hiyo hiyo. Ukisali kwenye msikiti mdogo wa udongo huko vijijini, usiudharau, unaweza kuwa na umri mkubwa kuliko mji wa Dodoma ulivyo sasa.

#10

Vipi Singida? Naambiwa kuku wa kienyeji wa huko hana mfano, lakini kwa ulivyosema kuhusu kuku umenitia hofu.

#11 Mleta uzi

Usiogope, kuku wa Singida mle! Singida ina Waislamu wengi, Wanyaturu kwa Wanyiramba, kumpata mchinjaji si kazi. Ninavyofanya mimi ni kufika mapema, namwagiza kuku akiwa bado mzima, na nawaambia "nichinje mwenyewe au mna ustadhi?" Mara nyingi wana mtu. Mara moja hawakuwa naye, wakanipa kisu chao, nikakinoa kwenye jiwe, nikaelekea kibla, nikachinja mwenyewe. Baada ya saa moja tukala na ugali wa moto. Kuku wa huko amekimbia maisha yake yote, ana misuli, anataka kuchemshwa muda mrefu, kwa hiyo njaa ikikuuma ndiyo unaagiza, umechelewa.

Kutoka Dodoma ni kama kilomita 240. Njiani Manyoni utauziwa asali, ya nyuki wakubwa na ya nyuki wadogo. Ya nyuki wadogo ni nyepesi na ina uchachu fulani, wengine hudhani imeharibika. Haijaharibika.

#12

Naomba kuuliza kuhusu vinywaji. Dodoma ni mji wa zabibu na mvinyo. Juisi ya zabibu inayouzwa mitaani ni salama? Na togwa?

#13 Mleta uzi

Swali zuri. Zabibu zenyewe kula mpaka uchoke. Huku zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu ukifika zinauzwa barabarani kwenye ndoo na vikapu. Juisi inunue ile inayosagwa au kukamuliwa unaona. Ya kwenye chupa za kienyeji zisizo na lebo achana nayo, kwa sababu maji ya zabibu yakikaa siku kadhaa kwenye joto yanachacha yenyewe, hata kama aliyekamua hakukusudia. Dukani napo soma lebo mpaka mwisho, chupa za mvinyo na za juisi zinakaa rafu moja.

Togwa ni vile vile. Ya leo asubuhi ni tamu, ni chakula cha watoto. Ya tangu juzi, inayotoa povu na kuchoma koo, iache. Muulize mama aliyeipika imekorogwa lini, hatakuficha. Ukiwa na mashaka kunywa ubuyu, mibuyu imejaa huku.

#14

Na sisi wa basi je? Si wote tuna nauli ya treni. Njia ya Morogoro tunasimama Gairo au Kibaigwa dakika kumi, kuchimba dawa na kula humo humo. Hapo gogo na kisu utavichunguza saa ngapi?

#15 Mleta uzi

Hapo umesema kweli, dakika kumi hazitoshi kuchunguza kitu. Mimi nikiwa kwenye basi nyama sili kabisa. Gairo nanunua viazi vitamu, ndizi mbivu, karanga, mayai ya kuchemsha ambayo namenya mwenyewe. Asubuhi naondoka na vitumbua na chupa ya chai. Bebeni pia kopo dogo la maji au chupa tupu, vyoo vya njiani vingine maji yako mbali na mlango.

Swala: sheli nyingi za barabara hii zina msikiti au angalau mkeka na bomba. Mwambie kondakta mapema, kwa upole, siyo basi limeshawashwa. Wengi wanasubiri. Asiposubiri, una ruhusa ya msafiri ya kupunguza na kukusanya, muulize sheikh wako masharti yake kabla hujasafiri. Na kibla cha huku ni rahisi kukumbuka: ni karibu kaskazini kabisa, umeinama kidogo sana mashariki. Asubuhi jua likiwa kulia kwako, umeshakaribia.

Jambo lingine nililosahau. Kati ya Aprili na Juni ni Bunge la bajeti, vyumba vinajaa na bei zinapanda. Mwenye uwezo wa kuchagua aje Agosti au Septemba, kuna ubaridi na zabibu zipo.

#16

Mkuu, shangazi alirudi tena Dodoma baada ya siku ile?

#17 Mleta uzi

Amerudi mara mbili. Mara ya mwisho Jumamosi tulikwenda Msalato. Alishuka kwenye gari kabla yangu, akapita banda la kwanza, la pili, la tatu, anasalimia, "hamjambo wanangu, hapa mnachoma na nini kingine?" La nne akanipungia mkono nilete viti.